Kazi Iko Kwenye Ncha

Nyumbani kwangu kiatu hakitupwi kabla hakijapekuliwa. Mpwa wangu analijua hilo vizuri, na bado Jumamosi moja nilimkuta amesimama kwenye pipa la taka, raba mkononi, soli imeachama kama mdomo wa kambale na kamba zimo bado. "Lete hapa," nikamwambia. Akanipa huku anatazama pembeni kama mtu aliyefumaniwa na mali ya wizi. Nikakaa kizingitini, nikazichomoa tundu kwa tundu, nikazitosa kwenye beseni la maji ya sabuni. Raba zenyewe ruksa, akazitupe.

"Mamdogo, sasa hizo utazifanyia nini?"

Sikumjibu kwa sababu nilikuwa sijui. Mtu wa kuhifadhi vikorokoro hajui. Anachojua ni kwamba kitu bado kizima. Na kamba ya kiatu huwa nzima kuliko kiatu chake. Soli inasagana na lami ya Buguruni asubuhi na jioni, kamba inakaa juu huko inasuguana na matundu tu. Ikichoka huchoka sehemu mbili: pale inapopita tundu la mwisho juu, na kwenye ncha. Katikati unaweza kuivuta kwa nguvu zako zote isikatike.

Ninalo kopo la biskuti, lile la bati la duara ambalo kila mtoto wa nchi hii ameshalifungua mara moja maishani akitarajia biskuti akakuta nyuzi. Langu lina kamba za viatu za rangi saba, vipande vya lesi vilivyobaki kwenye mashela ya watu, lastiki ya suruali, bizimu mbili, vifungo visivyo na wenzao, tepe za maboksi ya zawadi, mkanda wa kufungia koti la mvua, na kamba za vitambulisho. Hizi za vitambulisho ndizo nyingi. Ukifanya kazi ofisini miaka kumi, semina moja huku, warsha moja kule, kila moja inakuvisha kamba shingoni yenye jina la mradi na mwaka. Mradi unaisha, kamba inabaki.

Na umo utepe mwekundu wa satini, vipande viwili, jumla yake kama mita tatu. Huo nitausimulia kwanza kwa kuwa ndio ulionianzisha kuandika haya. Nilikuwa kwenye kamati ya maandalizi ya uzinduzi wa madarasa, sisemi wapi. Nchi yetu haizindui kitu bila utepe: zahanati, kisima, choo cha skuli, tanki la maji, vyote vinasubiri mkasi uletwe juu ya sinia lenye kitambaa. Mgeni rasmi akakata, makofi, vigelegele, watu wakaingia ndani kupiga picha. Utepe ukabaki chini, unakanyagwa. Nikauokota, nikaukunja, nikautia mkobani. Mjumbe mwenzangu wa kamati akanitazama kwa huruma, na nadhani alifikiri sijalipwa posho.

Nilipofika nyumbani nikautazama vizuri. Mkasi wa sherehe huwa butu, si mnajua. Pale ulipokatwa palikuwa pamechanika, nyuzi zimetoka kama ndevu, na kila nilipozigusa zilizidi kutoka. Kipande cha mita moja na nusu, kizuri, kinang'aa, kilikuwa kinafumuka mkononi mwangu kuanzia pale mheshimiwa alipopitisha mkasi. Nikasema hapa ndipo tatizo la kazi hizi zote lilipo. Kusuka katikati hakuna asiyeweza. Mtu huumbuliwa na ncha.

Nilishaumbuliwa mimi. Binamu yangu alikuwa na kicheni pati, akaniomba nimsukie mkanda wa kiunoni wa tepe za satini, tano, rangi ya dhahabu na zambarau kama sare zao. Nikasuka usiku mzima. Mwisho nikafunga kwa uzi, nikakata, nikaona pamependeza. Siku yenyewe, taarabu ikapigwa, akainuka kutunza, kiuno hicho na mkanda wangu juu yake. Wimbo wa pili uzi ukateleza. Satini haikamatani. Mkanda ukaanza kujisukua taratibu kutoka nyuma, yeye hana habari, watu wanashangilia wakidhani ni mbwembwe. Alipokuja kukaa alikuwa anaburuza tepe tano kama dau lililokatika kamba. Hajaniomba kitu tena, na mimi sijamlaumu.

Satini, nilikuja kujifunza baadaye, si aina ya uzi. Ni namna ya kufuma. Kwenye kitambaa cha kawaida uzi unapita juu ya mmoja na chini ya mmoja, zamu kwa zamu. Kwenye satini uzi unaruka juu ya minne au zaidi ndipo uzame chini mara moja. Ile miruko mirefu ndiyo inayong'aa, maana mwanga unakuta uwanja mpana. Ndiyo pia inayoteleza, na ndiyo inayofanya ncha ifumuke upesi, kwani nyuzi hazijafungwa mahali pengi. Zamani ilikuwa hariri, na jina lenyewe linarudi hadi bandari ya Quanzhou huko China, ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu waliiita Zaitun. Siku hizi inayouzwa Kariakoo kwa mita karibu yote ni poliesta, na hiyo ni habari njema kwa mtu wa kopo la biskuti, kwa sababu poliesta inayeyuka.

Basi kabla sijafanya chochote na kamba au utepe, nauchoma. Si wote! Natoa uzi mmoja au kikipande cha nusu kidole, nakishika kwa kibano cha nyusi juu ya sahani ya bati, nakisogezea kiberiti. Pamba inashika moto mara moja, inanuka karatasi iliyoungua, na inaacha majivu laini ya kijivu yanayosagika ukiyagusa. Poliesta inaukimbia moto kwanza, inajikunja, inayeyuka, inatoa harufu ya dawa yenye utamu fulani hivi, na mwisho inaacha punje nyeusi ngumu kama shanga. Nailoni nayo inayeyuka, punje yake huwa ya kijivu au kahawia. Kikinuka nywele zilizoungua, umekutana na sufu au hariri halisi, kiweke pembeni na ukiheshimu.

Nafanya hivi kwa sababu jibu la swali hilo linaamua kila kitu kinachofuata. Kinachoyeyuka, ncha yake inafungwa kwa moto. Kisichoyeyuka kinataka uzi au gundi. Na kinachoyeyuka usikipeleke karibu na sufuria ya moto, hapo nitafika.

Kufunga kwa moto kuna ustadi wake mdogo. Kwanza kata upya, kwa mkasi mkali, ule wa nguo ambao watoto hawaruhusiwi kukatia karatasi. Ukitaka ile ncha yenye mkia wa samaki, kunja utepe katikati kwa urefu wake, kisha kata kimshazari kutoka kwenye mkunjo kuelekea kingo za nje na kwenye ncha. Washa mshumaa. Usiingize utepe kwenye ule ulimi wa njano, utaupaka masizi. Upitishe pembeni, karibu na mzizi wa moto kwenye buluu, haraka, kama unavyopitisha kidole ukiwa mtoto unajigamba. Ncha itajikunja kidogo sana na kung'aa. Hiyo tayari. Ikigeuka nyeusi umechelewa, kata tena. Na usiibane kwa vidole kuinyoosha wakati bado inayeyuka. Nina alama ya duara kwenye kidole gumba inayoeleza kwa nini.

Kwa pamba natumia njia mbili. Ya uvivu ni rangi ya kucha isiyo na rangi: unapaka ncha, unasubiri ikauke, unapaka tena. Ya pili ni ya mabaharia, na ukishaijua utaitumia kila mahali. Chukua uzi imara, uukunje uwe kitanzi, ulaze kitanzi hicho juu ya kamba, kichwa chake kielekee kwenye ncha na mikia miwili upande wa ndani. Shika mkia mmoja, uuzungushe kwenye kamba juu ya kitanzi, ukibana, mzunguko baada ya mzunguko bila kupandana, nane au kumi, ukisogea kuelekea kwenye ncha. Ukifika, pitisha huo mkia ndani ya kichwa cha kitanzi kilichobaki nje. Sasa vuta ule mkia mwingine uliobaki nyuma: kitanzi kinazama chini ya mizunguko na kuuburuta mkia wa kwanza ndani. Ukifika katikati acha, kata mabaki. Hakuna fundo popote, na hautoki. Mkanda wa binamu yangu ungefungwa hivi, ningekuwa bado naalikwa.

Ile ncha ngumu ya plastiki kwenye kamba ya kiatu nayo ikipasuka, watu hutupa kamba. Kata tu sehemu iliyochanuka, viringisha selotepu nyembamba kwa kubana mara tatu, kata iwe sawa. Inapita tundu lolote. Mafundi umeme wana vile vimirija vya plastiki vinavyosinyaa vikipashwa moto, kipande cha sentimita mbili kikivishwa kwenye ncha na kupitishiwa kiberiti kinakaa kama cha kiwandani.

Sasa zile kamba za mpwa wangu.

Zilikuwa bapa, nyeupe, za pamba (nilichoma, harufu ya karatasi), na nikatafuta wenzao kopoini nikapata nyingine moja ya aina hiyohiyo. Kila moja sentimita 120, ndio urefu wa kawaida wa raba yenye matundu sita kila upande. Nikaamua kushona ngata. Si ya kichwani, nani anabeba ndoo Buguruni siku hizi zaidi ya mwezi maji yanapokatika, bali ile ya kukalishia sufuria mezani ili isiunguze kitambaa. Mpango ni wa mkeka wetu mdogo kabisa: suka ukili mrefu, uzungushe kama konokono, shona ubavu kwa ubavu.

Bibi yangu yuko Jambiani, pwani ya Unguja, na mikono yake imefanya kamba na ukili tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Ukindu unachanwa, zile chane zinaanikwa, nyingine zinatiwa rangi, kisha anakaa mkekani, mwanzo wa ukili ameubana kwa kidole gumba cha mguu, anasuka huku anazungumza na haangalii. Mimi sina kidole cha namna hiyo. Nilibana mwanzo wa kamba tatu kwa kibanio cha nguo, nikakifungia kwenye kitasa cha dirisha, nikasuka kama nywele za mtoto: ya kulia katikati, ya kushoto katikati. Kamba bapa ina tabia ya kujigeuza mgongo. Kila ukiileta katikati iangalie, ilale uso juu, la sivyo msuko unakuwa na nundu.

Msuko unakula urefu. Sentimita 120 zikasalia kama 90. Nikaanza kushona, na hapa nilifanya makosa mawili ambayo nawapa bure.

La kwanza, nilianza katikati kwa fundo. Fundo ni nundu, na sufuria juu ya nundu inacheza. Mwanzo unatakiwa ukunjwe chini, sentimita mbili hivi, ushonwe ulale. La pili, nilishonea mapajani huku natazama taarifa ya habari, na kila mzunguko nikiuvuta msuko ubane vizuri. Mzunguko wa tatu kingo zikaanza kuinuka. Nikadhani zitakaa zenyewe. Hazikukaa. Nilipomaliza nilikuwa na kibakuli.

Nikaenda nacho Jambiani Idi ilipofika, nikidhani bibi atafurahi kuona mjukuu wake wa mjini ameshika sindano. Akakipokea, akakigeuza, akakiweka juu ya sahani ya tambi, kikafunika vizuri kabisa.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "hii umeshona ngata au kawa?"

Walicheka hadi mashangazi waliokuwa jikoni. Kisha akanionyesha, bila kuacha kucheka. Msuko unalazwa, hauvutwi. Unachokaza ni uzi. Ukiuvuta msuko, duara la nje linakuwa fupi kuliko linavyotakiwa kuwa, na likiwa fupi halina pa kwenda ila juu. Ukiulegeza mno linakuwa refu, linafanya mawimbi kama pindo la gauni. Na usishonee mapajani, paja ni la mviringo na kazi itafuata paja. Shonea juu ya meza, au sakafuni, kazi ikiwa imelala, sindano ipite ubavuni kwenye vitanzi vya msuko, ichukue kitanzi kimoja cha huku na kimoja cha kule, uzi usionekane juu.

Nikafumua, nikashona upya juu ya meza. Kamba tatu zilinipa duara la kama sentimita 13, linatosha birika au sufuria ndogo ya chai. Ukitaka la sufuria ya ugali, sentimita 20, utahitaji msuko wa zaidi ya mita mbili, yaani kamba saba au nane, na itabidi uziunge. Hapo napo bibi ana sheria yake: chane zisiishie pamoja. Kila moja iungwe mahali pake, mbali na mwenzake, mpya ipandishwe juu ya ya zamani kwa sentimita tatu nne na zisukwe pamoja kama moja. Ukiziunga zote sehemu moja umetengeneza mahali pa kukatikia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, kata kamba mbili kati ya tatu za mwanzo ziwe na urefu tofauti, basi, zitaachana zenyewe njia nzima.

Na pamba tupu. Ngata ya poliesta chini ya sufuria iliyotoka jikoni itaganda kwenye sufuria, na utakula ugali wa plastiki.

Mwisho wa ile ngata, ile ncha ya nje, bibi hakuniachia niimalize kwa fundo pia. Anazikata kamba tatu kwa hatua, ya ndani fupi, ya nje ndefu, ili msuko uwe mwembamba kidogokidogo na kupotelea chini ya mzunguko uliotangulia. Ukipitisha kidole pembeni hupajui pale ilipoishia. Mimi bado wangu unajulikana.

Kamba za vitambulisho ni bapa, pana, imara kupita kiasi, na hazifai kusukwa kwa sababu ni nene. Zinafaa mikono ya vikapu. Kikapu cha ukili hufa mikono kwanza, kama kiatu kinavyokufa soli, na watu wanakitupa kikiwa na tumbo zima. Toa vyuma vyote vya kamba, shona kamba mbili pamoja kwa urefu ili ziwe nene, pitisha ncha ndani ya kikapu kwa chini kidogo ya ukingo, na ushone mraba wenye alama ya msalaba ndani yake, kama ule unaouona kwenye mikoba ya begani ya watoto wa skuli. Ncha zenyewe zichome kabla. Mimi sikujali kugeuza maandishi yaende ndani. Nikiwa sokoni mkono mmoja wa kikapu changu unasema WADAU na mwingine UENDELEVU, na muuza nyanya mmoja ameshaniuliza kama nimetumwa na mradi.

Bangili za kamba za viatu watoto wanazipenda na mimi nimezichoka. Zinataka mafundo bapa yaliyofuatana, kushoto juu ya kulia, kisha kulia juu ya kushoto, na siri yote iko kwenye hilo neno kisha. Ukirudia upande uleule mara mbili, bangili inajisokota kama ngazi ya mnara, na fundo lenyewe linaachia. Ndiyo sababu kamba za viatu vya watoto wengine zinafunguka kila hatua kumi na za wenzao hazifunguki: wamefunga fundo la kwanza na kitanzi cha juu kwa mwelekeo mmoja. Angalia kiatu sasa hivi. Kipepeo kikilala kukatiza kiatu, umefunga sawa. Kikisimama kuelekea vidole, umefunga lile bovu, badilisha mwelekeo wa fundo la kwanza tu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walichapisha uchunguzi wao wa jambo hili hili, wamempiga picha mtu anakimbia kwenye mashine kwa kamera ya mwendo wa taratibu. Waliona mguu ukigonga chini, fundo linapata kishindo cha kama mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia, linanyooka na kulegea, na zile ncha zinazopeperuka huku na huku zinalivuta kama vidole visivyoonekana. Nilimsomea mpwa wangu. Akasema, "Kumbe si kosa langu." Nikamwonyesha kiatu chake, kipepeo kimesimama wima.

Tepe nyembamba natia kwenye vitabu kama alama, zile pana nafunikia pindo la taulo za jikoni zilizoanza kuchanika. Vifundo vya nywele ni vya sikukuu tu, na vya watoto ambao hawajaanza skuli, maana shule nyingi za serikali mtoto wa kike ananyolewa na riboni inakosa pa kushika. Tahadhari moja: supa gluu kwenye riboni inakauka kama mwiba, shona. Na kamba ndefu usimwachie mtoto mdogo shingoni, hata kama imependeza vipi. Maua ya satini, yale ya kuchoma petali moja moja, nimejaribu, nimetoa waridi moja linalofanana na kabichi, nimeacha kwa wenye subira.

Kitu kilichonipa raha kuliko vyote ni matamvua. Nilinunua kitambaa cha kikoi kwa mita, kimekatwa dukani, hakina yale matamvua yake ya kusokotwa yanayomfanya mtu ajue huu ni mkono wa mtu. Nikakaa nikavuta nyuzi za upana, moja moja, hadi zikabaki nyuzi za urefu peke yake, kama sentimita 10. Halafu kazi: hesabu nyuzi nane. Zigawe nne nne. Sokota fungu la kwanza kulia hadi lianze kujikunja lenyewe kwa hasira. Sokota la pili kulia vilevile. Sasa yaweke pamoja na uyasokote kushoto. Yanashikana. Kila fungu linataka kujisokotoa, na kila moja likijaribu linambana mwenzake. Funga fundo dogo mwisho, nenda nane nyingine.

Nilipofanya hivyo mara ya kumi mikono yangu ikakumbuka kitu. Ni kamba ya usumba. Pale Jambiani makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mchanga wa pwani, maji yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, yanafukuliwa yananuka, yanapondwa hadi nyuzi ziachane, kisha akina mama wanazisokota. Bibi anaweka mafungu mawili pajani, anayapeleka mbele kwa kiganja yote mawili kwa pamoja, kila moja linajisokota peke yake, halafu anarudisha kiganja nyuma na yanaungana. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Nilikuwa nikimtazama nikiwa na miaka mitano, nikidhani anajikuna. Kamba inayotoka hapo ndiyo inayofungwa dau, na kanuni yake ni ileile ya matamvua ya kikoi changu. Hata ncha zake ni zilezile: fundo dogo, hakuna zaidi, kwa sababu kilichosokotwa hivyo hakina haraka ya kufumuka.

Kikoi kilinichukua jioni nne. Sihesabu mafungu, niliacha kuhesabu upande wa kwanza haujaisha.

Sasa ule utepe mwekundu. Nilikuwa nimeshaamua nitaupeleka wapi: pindo la pazia la chumba cha wageni. Nilikata upya zile ncha zilizotafunwa na mkasi wa sherehe, nikazipitisha kwenye mshumaa, nikaukunja, nikaurudisha kopoini kusubiri siku yenye nafasi. Jumapili iliyofuata nikawa jikoni nikasikia makofi uani. Nikachungulia. Binti yangu wa miaka sita ameweka boksi la televisheni juu ya ndoo mbili, madirisha yamechorwa kwa makaa, wanasesere watatu wamepangwa mbele kama wanafunzi. Mpwa wangu amevaa koti la baba yake, mikono inafika magotini. Utepe umefungwa kutoka mlango wa banda la kuku hadi kwenye kamba ya kuanikia, umenyooka vizuri, na mkasi wangu wa nguo uko juu ya sinia, kitambaa kimetandikwa chini yake.

"Kwa heshima na taadhima," binti yangu akatangaza, "namkaribisha mgeni rasmi."

Nilifungua mdomo kuwazuia. Mgeni rasmi alikuwa ameshakata. Kuku wakaruka, wanasesere wakapigiwa makofi, na vipande vikaanguka kwenye vumbi. Sasa ni vitatu, na ncha ni sita. Nikarudi ndani kutafuta kiberiti.